Ngoma za Kitambo Hazikuwa Tamu Hivyo

Kuna uongo mmoja ambao watu wa rika langu tumeupenda sana, na kila wiki redio za Nairobi zinatupakulia ukiwa moto. Uongo wenyewe ni huu: zamani kulikuwa na muziki, leo kuna kelele. Zamani hapo maana yake ni miaka tuliyokuwa chuoni. Hakuna anayesema hivyo waziwazi, lakini muulize yeyote anayelalamika alimaliza chuo mwaka gani, utaona hesabu inatoka sawasawa. Aliyemaliza katikati ya miaka ya 80 atakwambia muziki ulikufa na Franco mwaka 1989. Aliyemaliza 2003 atakuapia kwamba ulizikwa na E-Sir Machi mwaka huo. Yaani kila rika huzika muziki wiki ile ile linapopata kazi, kisha linakaa matanga miaka thelathini.

Mimi ni mtu wa Eastlands na nilikuwa chuoni miaka ile ya mwisho wa 90 na mwanzo wa 2000. Nyimbo hizo ninazijua kwa kichwa, na ukinipigia sekunde mbili za mwanzo nitakutajia mwaka, mtaa na matatu niliyousikia ndani yake. Kwa hivyo mtu asije akaniambia ati sina mapenzi nazo. Ugomvi wangu ni juu ya kile tunachozifanyia. Tumezinyamazisha, tumezigeuza fimbo ya kuchapia watoto, na waliotuimbia tumewaacha na njaa. Halafu tunaita hayo yote kumbukumbu.

Nianze na redio yenyewe, maana kuna wasomaji waliozaliwa wakikuta masafa ya FM yamejaa kama soko la Gikomba siku ya kufungua mabelo. Kabla ya 1996, redio ilikuwa KBC. Ulisikiliza salamu, matangazo ya vifo, taarifa ya habari iliyoanza na rais, na katikati ya hayo nyimbo. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia hewani, stesheni ya kwanza ya FM ya watu binafsi mjini. Mwaka 2000 ikafuata Kiss. Ghafla mtu wa Umoja alikuwa anasikia kinachopigwa London na New York karibu siku ile ile. Wenzangu hosteli walikariri Bryan Adams, Bon Jovi na Michael Learns to Rock, ambao wengi hadi leo hawajui kwamba ni watu wa Denmark. Tulinunua kanda tupu, tukakaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, na tukamlaani mtangazaji aliyeanza kubwabwaja kabla wimbo haujaisha.

Kwenye masafa hayo hayo, kati ya gitaa za watu wa mbali, wakaingia vijana watatu wa Dandora. Kalamashaka: Kama, Johnny na Roba. Kwa anayeisikia leo, "Tafsiri Hii" ni wimbo wa rap kama zingine. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili cha mtaani kikizungumza habari za mtaani kwenye redio ambayo hata tangazo la sabuni lilisomwa kwa Kiingereza cha puani. Mlango ukafunguka. Kariobangi South ikatoa K-South, yaani Abbas na Bamboo. Mtaa wa California ukatoa Calif Records, studio ya Clemo, na humo wakatoka Jua Cali na Nonini na kitu kilichokuja kuitwa genge. Ukoo Flani Mau Mau wakatoa "Kilio cha Haki" mwaka 2004. Na manyanga za Buruburu, zile 58 zenye spika kubwa kuliko viti, zilisambaza ngoma hizi kabla redio hazijakubali kuzipiga, mpaka sheria za Michuki za Februari 2004 zilipozichora mstari wa manjano na kuziamuru zinyamaze.

Sasa tukumbuke pia nyimbo zile zilitoka katika hali gani, kwa sababu hapa ndipo kumbukumbu yetu inapopiga chenga.

Miaka ya 90 Eastlands haikuwa sherehe. Baba za watu Jericho, Makadara na Buruburu, waliokuwa wameajiriwa Reli na serikalini, waliachishwa kazi kwa maelfu na kurudi nyumbani na bahasha. Vyuo vikuu vilianza kutoza karo mwaka 1991, na kila boom ilipochelewa, mawe yaliruka na chuo kikafungwa. Kule Dandora, jaa la taka lililofunguliwa mwaka 1975 lilikuwa limejaa, na limejaa hadi leo, na bado malori yanamwaga. Polisi walipiga risasi kwanza. Vijana walioimba walikuwa wakisema mambo haya. Walisema njaa, walisema bunduki, walisema kuchoka, walisema kuwa na cheti kisicho na kazi. K-South waliita albamu yao "Nairobbery", na mtu hahitaji kamusi kuelewa walimaanisha nini.

Hebu basi nenda siku moja kwenye usiku wa ngoma za kitambo, mojawapo ya hizi nyama choma za Thika Road. Utamkuta mtu wa rika langu, funguo za gari mezani, mfupa mkononi, macho yamefungwa, akiimba kwa sauti kuu habari za kulala njaa. Anaimba vizuri, hakosi hata neno. MC anamwambia ashike mkono juu kama alisoma enzi za kanda, naye anashika. Wimbo ukiisha anageukia mezani na kusema, "Mazee, hiyo ndiyo ilikuwa maisha." Maisha gani, buda? Ulikuwa huna nauli. Ulikuwa unatembea kutoka tao mpaka Makadara na viatu vya mtumba vyenye tundu. Wimbo unaouimba ulikuwa unaomba maisha hayo yaishe.

Naelewa kinachotokea. Mtu hamlilii Kalamashaka. Anayalilia magoti yake ambayo hayakuwa yakiuma, na usiku ambao hakuna mtoto aliyemwamsha. Hilo halina ubaya, kila binadamu hulilia ujana. Ubaya unaanza pale anaposema kilio hicho ni maoni kuhusu muziki, kisha anakitumia kumhukumu mtu mwingine.

Na anayehukumiwa tunamjua. Ni kijana wa miaka ishirini wa Kayole au Umoja au Huruma, mwenye simu, kompyuta ya kukopa na rafiki anayejua kutengeneza mdundo. Mwaka 2018 vijana wanne wa Umoja waliojiita Ethic walitoa "Lamba Lolo", na gengetone ikaanza. Rika langu likashika kichwa. Matusi, wakasema. Hakuna ujumbe, wakasema. Mkuu wa bodi ya filamu wa wakati ule akawaandama. Wazazi walewale waliokuwa wakicheza Nonini chini ya meza ya baba sasa walikuwa wanaandika kwenye makundi ya WhatsApp kwamba serikali ifanye kitu.

Nonini! Tumesahau? "We Kamu" ilipotoka, mama yangu aliinuka kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akazima redio na kuuliza kama hiyo ndiyo elimu anayolipia. Majirani wote mtaani walikuwa wakizima redio. Gazeti gani halikuandika kwamba vijana wameharibika? Leo wimbo huo huo unapigwa saa nne asubuhi, mama yangu yuko sebuleni, na hakuna anayezima. Kwa miaka ishirini wimbo haukubadilika hata silabi. Wenye kuusikiliza ndio waliozeeka, na tukizeeka tunavipa vitu vyetu heshima ambayo havikuwa nayo.

Sitetei kila kitu. Mwaka 2019 Ethic waliutoa "Tarimbo", wimbo wenye maneno ya kuwaumiza wanawake, watu wakapiga kelele, wao wakaomba radhi na ukaondolewa. Kelele zile zilikuwa za haki. Lakini ukitumia mizani hiyo kwa watoto, itumie pia kwa kanda zako. Pitia nyimbo za genge za 2003 moja baada ya nyingine, pitia na hizo rumba unazoziita za heshima, usikilize wanawake wanaitwaje na wanafanywa nini humo. Ukikuta uchafu, useme. Anayenusa kinyesi cha jirani tu hana pua nzuri, ana jirani asiyempenda.

Wanasema pia kwamba watoto hawa hawana ujumbe. Hapa nataka kulinganisha miaka miwili, 2002 na 2024.

Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", neno lililoshonwa kwa Kijaluo na Kiingereza likimaanisha mtu asiyetishika. Haukuandikwa na kamati ya chama chochote. Lakini nchi iliyokuwa imechoka na KANU ilijisikia ndani yake, NARC wakauchukua, na Desemba ile watu walipanga foleni ya kura wakiuimba. Kila mtu wa rika langu anasimulia mwaka huo kama alikuwa mbele ya msafara. Ndio sababu kubwa tunayojivunia: muziki wetu uliangusha chama kilichotawala karibu miaka arobaini.

Sawa. Juni 2024 vijana walimiminika barabarani kupinga mswada wa fedha, na tarehe 25 wakafika Bungeni. Wengine hawakurudi nyumbani. Walikuwa wanaimba nini? "Anguka Nayo" ya Wadagliz, wimbo wa kucheza, ambao kabla ya hapo rika langu lingeutaja kama mfano wa muziki usio na maana. Haukuandikwa kwa ajili ya siasa pia. Waliuokota kwenye simu zao, wakauvalisha hasira yao, wakaingia nao kwenye moshi wa vitoa machozi. Kilichotokea 2002 ndicho kilichotokea 2024, tofauti ni kwamba safari hii hatukuwa tunaimba sisi. Mwenye "Unbwogable" kwenye simu yake kama mlio wa kuamsha, na siku ile alimwambia mtoto wake akae nyumbani aache upumbavu wa TikTok, na ajiulize anachokipenda kwenye wimbo ule ni nini hasa.

Nije kwa redio, maana redio ndizo zinazofanya biashara hii.

Mtu akiwasha stesheni inayojiita ya nyimbo za daraja la juu, za zamani zilizodumu, atasikia nini? Phil Collins, Lionel Richie, Kenny Rogers, Boney M. Jumapili asubuhi ni country mpaka unafikiri umeamkia Tennessee. Nawapenda hao wote, Kenny Rogers hasa, lakini uchaguzi huo si wa bahati. Unasema kwamba kilichodumu ni cha nje, na cha kwetu kilikuwa cha kupita. Wimbo wa Dandora wa 1999 unapata nafasi yake Ijumaa usiku kwenye kipindi cha mzaha, baina ya simu ya mtu anayelalamikia mke wake na tangazo la mikopo ya gari. Kanuni za utangazaji zinataka angalau asilimia 40 ya maudhui yawe ya humu nchini. Ila maudhui si muziki. Watangazaji wawili wakibishana saa tatu juu ya nani alipe bili kwenye deti, hayo nayo ni ya humu nchini.

Na wimbo ukipigwa, nani analipwa? Hapa sitaki nishawishiwe na kinanda cha huzuni, nataka shilingi. Mwaka 2016 kundi la Elani, ambalo nyimbo zake zilikuwa zimepigwa mpaka zikachakaa, lilitoka hadharani likasema mirabaha lililolipwa ilikuwa shilingi 31,000. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki ikakataa kuipa leseni MCSK, chama kilichokuwa kikikusanya pesa za wanamuziki, na tangu hapo leseni zimekuwa zikitolewa, zikipingwa kortini na kurudishwa, msanii akiwa nje ya mlango anangoja atajiwe mshindi. Na yule mkuu wa bodi ya filamu aliyewafundisha maadili vijana wa gengetone? Mwaka 2022 akapewa kuongoza MCSK. Nairobi haihitaji mwandishi wa vichekesho.

Mwaka 2023 mahakama ilimpa Nonini shilingi milioni 1 baada ya "We Kamu" kutumika kwenye tangazo la vifaa vya umeme bila idhini yake. Nilifurahi sana. Lakini tazama ilichomgharimu: wimbo wa miaka ishirini, mawakili, kesi, na jina kubwa ambalo mahakama haiwezi kulipuuza. Asiye na jina kubwa afanye nini?

Mtaani kwetu yuko mmoja. Aliimba katika kundi lililokuwa na wimbo mmoja tu uliovuma, na ulivuma kweli. Ukiutaja hapa utauimba kabla hujamaliza aya hii, na ndiyo maana siutaji. Siku hizi ni fundi wa welding, anatengeneza mageti. Mwaka jana nilikuwa nimesimama kwake tunapatana bei, wimbo wake ukaanza kwenye redio ya karakana. Mteja mwingine, mtu wa rika letu, akapaza sauti: "Ongeza hapo! Siku hizi hakuna wasanii kama hawa." Fundi alishusha kinyago chake akaendelea kuchomelea bawaba. Mteja alipoondoka nikamuuliza kama huwa anapata chochote. Akacheka. "Brathe, wananisalimia kwa redio. Salamu hailipi fees."

Wapo watakaoniambia nimekuwa mkali bure. Wacha watu wafurahi, watasema. Mtu ametoka kazini amechoka, amekwama Jogoo Road saa mbili, anataka dakika tatu za ujana wake, kwani ameua nani? Hoja hiyo ina uzito, na mimi pia husikiliza nikiwa kwenye foleni hiyo hiyo. Wengine watasema redio imefanya kazi njema: isingekuwa vipindi hivi, mtoto wa leo asingewahi kumsikia Kalamashaka. Ni kweli. Lakini hebu tazama jinsi anavyowasikia. Hakuna anayemwambia ni akina nani, walitoka mtaa upi, kwa nini walisema walichosema. Anasikia mzee wake akicheka na kutikisa kichwa. Anajifunza kwamba ukilia vizuri, miaka ishirini baadaye kilio chako kitachezwa kwenye bethdei.

Na dakika tatu hizo si za bure. Stesheni inauza usikivu wako kwa benki na kampuni ya bima, kwa sababu mtu aliyekuwa chuoni mwaka 2000 sasa ana mshahara. Kumbukumbu yako ni bidhaa. Kila aliyeko kwenye mnyororo huo anakula, mwenye stesheni, mwenye tangazo, mtangazaji, mwenye baa. Anayekosa ni aliyetoa sauti. Kisha kijana anayejaribu kutoa sauti mpya mtaa ule ule anatazama hayo yote, na anaambiwa ati tatizo lake ni ukosefu wa nidhamu.

Vijana wenyewe, ajabu, wana adabu kuliko sisi. Hii Arbantone iliyotoka juzijuzi imejengwa kwa midundo ya enzi zetu, wameikata, wameiongeza kasi na kuiimbia upya. Wamesikiliza kanda zetu kwa makini kuliko tulivyowahi kusikiliza kitu chao kimoja. Sisi tunapiga wimbo wa zamani ili tulale, wao wanauamsha waufanyishe kazi.

Sasa ninachotaka si kwamba redio ziache ngoma za kitambo. Zipige zaidi, na zipige za hapa kwanza. Mtangazaji akipiga wimbo, ataje aliyeuimba, aliyeutengeneza na mtaa uliotoka, kama anavyotaja bila kukosea jina la benki iliyodhamini kipindi. Baada ya wimbo wa 2001 upigwe wa mwaka huu wa kutoka mtaa huo huo, tusikie kama malalamiko yamebadilika. Stesheni itangaze kila mwaka imelipa mirabaha kiasi gani na kwa nani, kwa majina. Mwenye baa anayeandaa usiku wa kitambo awaite wenye nyimbo wapande jukwaani na awalipe kabla hawajaimba, maana wako hai, wako Dandora na Kariobangi, si lazima tungoje harambee ya mazishi ndipo tujue wanapoishi. Na wewe wa rika langu, kabla hujaandika tena kwamba siku hizi hakuna muziki, taja wasanii watano wa Eastlands walio chini ya miaka ishirini na mitano. Ukishindwa, basi hujui kama muziki upo au haupo. Unachojua ni kwamba uliacha kusikiliza.

Jaa la Dandora bado linafuka moshi. Vijana bado wanapigwa risasi, vyeti bado viko chini ya godoro. Yale yaliyoimbwa tukiwa chuoni yanaimbwa tena kwa mdundo mwingine na watu wengine, na safari hii sisi ndio wenye kazi, wenye kura, wenye makampuni, na wengine wetu wenye viti Bungeni. Nyimbo zile zilikuwa zinaongea na watu wakubwa wa wakati ule. Wakubwa wenyewe sasa ni sisi, na redio bado iko on.